Gari la Maharusi

Jumamosi, tarehe 11 Julai 1953. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka milima ya Usambara, na kulipopambazuka ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya mkonge. Manyunyu membamba yalianguka juu ya mapaa ya kijiji cha Kilole bila kutoa sauti. Hilaria alitoka nje, akatazama juu, akaona hakuna dalili ya jua. Akamshukuru Mungu. Siku ya baridi na manyunyu watu hukaa ndani, naye alitaka wakae ndani mpaka gari lipite.

Hawakukaa. Tangu Jumatano habari ilikuwa imeenea kwamba Grasiana, binti wa Yordani mkata mkonge, anaolewa Handeni, tena anachukuliwa na gari jekundu la Mzee Salimu. Majirani walifika mapema na kanga zao nzuri. Waliketi barazani, wakauliza mbona hakuna sufuria hata moja mekoni. Hilaria akawajibu kwamba sherehe yote iko kwa bwana harusi. Wakataka kujua bwana harusi ni nani. Akasema ni mtu wa huko huko. Ana kazi gani? Ana duka. Duka la nini? Hilaria akasema la nguo, kisha akaingia ndani haraka, maana aliliona swali linalofuata likija.

Chumbani Grasiana alikuwa amesimama katikati ya mkeka, amevaa gauni jeupe. Gauni lenyewe lilishonwa mwaka uliopita kwa ajili ya harusi ya kweli, na kijana aliyeitwa Filemoni, kabla mama yake Filemoni hajayaona mabaka kwenye mkono wa mchumba. Sasa lilimpwaya mabegani. Mama yake alipiga magoti, akaanza kumvika glavu kidole kimoja kimoja. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kujikunja, havikutaka kuingia. Hilaria alivinyoosha taratibu, huku midomo yake ikisema Salamu Maria.

"Vuta tu, mama," Grasiana alisema. "Havisikii."

Hilaria akavuta. Halafu akamteremshia shela mpaka kidevuni, akamwambia asigeuke sana watu wakimwita, wala asipeane mkono na mtu.

"Bibi harusi hulia siku kama hii," Grasiana akasema. "Nilie?"

"Ukiweza, mwanangu."

"Kulia naweza. Ninachoogopa ni kucheka, mama Swaumu akinitunza senti tano yake."

Hapakuwa na harusi. Grasiana alikuwa na ugonjwa mkubwa, ule ambao watu hawakupenda kuutaja kwa jina lake. Mganga wa zahanati ndiye aliyeutaja, ukoma, naye alifunga dirisha kwanza. Alisema ng'ambo ya Handeni kuna kambi ya wagonjwa, na siku hizi kuna vidonge. Mtu akiwahi, na akivumilia miaka, anapona kabisa na kurudi kwao. Maneno hayo, kurudi kwao, ndiyo Hilaria aliyokuwa akiyarudia kila alipolala na kila alipoamka.

Mwezi wa sita walijaribu kwenda kwa basi. Kondakta aliuona mkono wa msichana ulipokuwa ukipokea tikiti, na kabla ya daraja la mto Pangani abiria wote walikuwa wamesimama upande mmoja wa basi. Waliteremshwa. Nauli hawakurudishiwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwasogelea ili awape. Nyayo za Grasiana zilikuwa na vidonda asivyovisikia, hakufaa kutembea. Yordani alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, akipita nyuma ya mashamba.

Ndipo alipofikiria gari. Mzee Salimu, mfanyabiashara wa Korogwe ya Zamani, alikuwa na gari la Kimarekani alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Lilikuwa refu na jekundu, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, na honi ya sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Alilikodisha kwa maharusi tu. Wagonjwa hakuchukua, maiti hakuchukua, mizigo hakuchukua. Yordani aliuza baiskeli na mbuzi, akaenda dukani kwake, akavua kofia, akasema anaoza binti. Maneno yalimtoka mepesi kuliko alivyotegemea. Mzee Salimu alizipokea fedha, kisha akatoa noti moja ya shilingi kumi akamrudishia.

"Hii ya bibi harusi," alisema. "Mtu wa jasho akimwoza mtoto wake kwa heshima, sote tumeheshimika."

Yordani alirudi Kilole kwa miguu. Ile noti aliishika mkononi njia nzima, hakuweza kuitia mfukoni. Jirani wa kwanza alipomuuliza kama ni kweli amekwenda kukodi gari, akamjibu kama alivyomjibu Mzee Salimu. Na wa pili vile vile.

*

Honi ilisikika kabla gari halijaonekana. Wanawake wakasimama wote, vigelegele vikapasua ukungu. Dereva aliteremka, akafuta boneti kwa kitambaa ingawa manyunyu yaliilowesha tena pale pale. Jina lake Sadala, Mzigua wa Handeni, mtu mnene mwenye kofia nyeupe iliyokaa upande. Alipopata habari kwamba babake Yordani alikuja Korogwe na manamba, vibarua wa mkonge, kutoka Unyamwezi, uso wake ulifunguka. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, na mtani akimpata mtani wake hadharani hamwachi.

"Kumbe nimetumwa kwa watu wangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. "Mnyamwezi leo anapanda gari. Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani akatuomba maji."

Watu wakamgeukia Yordani. Mtu akitaniwa hana budi kujibu, hata kama moyo wake ni mzito.

"Akapewa maji," Yordani akasema. "Chakula hakukiona. Wazigua walikuwa wanamngojea yeye awape."

Watu walicheka sana. Sadala akadai kwamba bibi harusi alikuwa wake kwa haki ya utani, na huyo mwenye duka amemwibia. Lakini leo yuko mkononi mwake, atampitisha kwa mama yake kwanza akamwone. Wanawake walimtunza Grasiana senti zao kwa kuzitupa kwenye sinia alilolishika mama yake, maana Hilaria alisimama kati yao na mtoto na hakusogea. Mama Swaumu, aliyekuwa jirani yao tangu Grasiana hajaota meno, alitaka kumkumbatia. Hilaria akasema shela litachanika. Mama Swaumu akarudi nyuma, amevunjika moyo, asijue kosa lake.

Yordani alikaa mbele, mama na binti nyuma. Gari lilipita Korogwe ya Zamani, likavuka daraja. Pale walipoteremshwa na basi, Hilaria alifumba macho. Ng'ambo ya mto ukungu ulianza kupungua, na mashamba ya mkonge yakaonekana, mistari iliyonyooka hadi mwisho wa macho.

"Kaka dereva," Grasiana akaita kutoka nyuma, "hilo paa linakunjwa kweli, au ni maneno ya watu?"

"Linakunjwa, bibi harusi. Lakini utalowa."

"Nikilowa nitakauka."

Hilaria alikataa, akasema ni baridi. Yordani bila kugeuka akasema akunje tu. Sadala akasimamisha gari, akalegeza vyuma, akalisukuma turubai nyuma, na mbingu nzima ikawa juu yao. Walipoondoka tena, upepo ulilichukua shela la Grasiana ukalirusha nyuma ya gari kama bendera. Alilikamata kwa mikono miwili, huku akicheka. Mistari ya mkonge ilikuwa ikifunguka na kufungika kando ya barabara, mmoja baada ya mwingine, naye alisimama kidogo, ameshika kiti cha mbele, ili aione vizuri. Alimwambia Sadala akaze mwendo. Sadala akakaza. Alimuuliza honi inapigwaje, na mahali pasipo watu Sadala akamruhusu ainame mbele aibonyeze mwenyewe. Ile glavu nyeupe ikabonyeza. Kwale waliruka kutoka majanini, na Grasiana akabonyeza tena.

Hilaria alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu uchumba uvunjike. Akasali sala ambayo aliionea haya hata yeye mwenyewe: Bwana, barabara hii isiishe.

Sadala alimwona kwenye kioo machozi yakimtoka, akadhani analia kwa sababu ya kuagana na mtoto. Alikuwa mtu wa huruma, akataka kumfariji.

"Mama, usilie. Najua ni ngumu, hasa kwa kuwa hamtamwona tena. Mzee wangu hapa ameniambia kwamba mume anahamia naye Kilosa wiki hii hii, na kurudi huku labda isitokee. Lakini binti akishaolewa kwao ni huko."

Hilaria akaacha kulia kwa mshangao. Habari za Kilosa alikuwa hazijui. Walikubaliana yeye na mumewe kwamba watasema harusi ili wapate gari, basi. Aliitazama shingo ya Yordani. Ilikuwa imekakamaa, wala haikugeuka.

"Kilosa," Grasiana akasema polepole.

Akakaa chini. Akalirudisha shela usoni.

*

Kati ya Korogwe na Handeni kuna desturi ambayo gari lile liliikuza. Wanawake wa vijiji vya njiani wakisikia honi ya sauti mbili huacha majembe na kutoka barabarani. Hufunga kanga mbili pamoja, wakazitandaza kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili, na gari halipiti mpaka bibi harusi aonekane uso na apakwe mafuta ya nyonyo viganjani, ili akashike nyumba yake vizuri. Sadala aliipenda desturi hiyo, maana hata dereva hakosi cha kupewa. Hakuna aliyemwambia asipige honi. Yordani hakujua kama angeweza kumwambia bila kueleza sababu.

Basi karibu na Sindeni Sadala akapiga.

Kanga zilikuwa tayari zimetandazwa walipofika. Yordani alimwambia apite pembeni, wamechelewa. Sadala akacheka, akasema Mnyamwezi gani huyu anayekimbia wanawake. Akazima injini. Wanawake walilizunguka gari, wakiimba na kupiga makofi, watoto wamewashika nguo. Mbele yao alikuwa bibi mmoja aitwaye Mwaija, mama yake mkubwa Sadala, mwenye kibakuli cha mafuta mkononi. Kila mtu alimpa shikamoo, naye aliitikia huku macho yake yako kwa bibi harusi tu.

Alilifunua shela. Akatazama, akasema bibi harusi ni mzuri, na vigelegele vikapigwa. Mtu akamtupia kanga mpya mapajani. Kisha bibi akapanda, akakaa kwenye kiti pembeni ya Grasiana, akauchukua mkono wake wa kulia, akauweka mapajani mwake.

Hilaria alisema haraka kwamba kwao mafuta hupakwa juu ya glavu. Bibi Mwaija akasema kwao wapi huko, mafuta ya juu ya nguo yanamfaa nani? Yordani akageuka, akanyoosha mkono juu ya kiti, akasema, "Bibi, nakuomba." Ilikuwa imechelewa. Glavu ilikuwa imetoka.

Bibi Mwaija hakupiga kelele. Alikuwa ameishi miaka mingi na ameuona mkono kama ule kabla ya pale. Aliutazama kwa muda, vidole viwili vilivyojikunja, kovu la moto ambalo mwenyewe hakulisikia lilipomuunguza. Aliuweka chini polepole, jinsi mtu anavyorudisha kitu alichookota akagundua kina mwenyewe. Akateremka. Akainama, akachota mchanga wa barabarani, akasugua nao mikono yake, akachota tena.

Nyimbo zilikatika moja baada ya nyingine, waliokuwa karibu wakinyamaza kwanza na wa nyuma mwisho. Watoto wakavutwa. Mwanamke aliyekuwa ametoa ile kanga alisimama akiwaza. Ilikuwa mpya, na labda hakuwa na nyingine. Mwisho alitafuta kijiti kirefu, akakipenyeza juu ya mlango wa gari, akaiinua kanga kutoka mapajani mwa Grasiana, akaenda nayo ikining'inia mbele yake.

Grasiana aliinua mikono ili isimzuie.

Kanga zilizofunga barabara ziliteremshwa zikaachwa pale pale chini. Sadala akawasha injini, akapita juu yake.

*

Alisimamisha gari mbele, kwenye pori, pasipo na nyumba. Alifungua buti, akatoa debe la petroli, akajimwagia mikononi, akasugua mpaka viwikoni. Akajimwagia mara ya pili. Alipoinua uso alimkuta Grasiana anamtazama, akafunika debe taratibu na hakujua mikono aipeleke wapi.

"Teremka, mzee," alimwambia Yordani.

Yordani akateremka. Walisimama nyuma ya gari, lakini paa lilikuwa wazi na kila neno lilisikika.

Sadala alisema kwamba ana watoto wanne. Alisema Mzee Salimu akisikia atamfukuza kazi, na ni lazima asikie, kwa kuwa Sindeni watu wanakwenda Korogwe kila siku ya gulio. Alisema yule bibi ni mama yake mkubwa, amemlea, na leo yeye Sadala amemletea jambo hili mpaka mapajani. Yordani alisikiliza, ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Kisha sauti ya Sadala ikashuka.

"Sisi tukifiwa, ninyi mnatuzika. Mkifiwa ninyi, sisi tunawazika. Maiti yako ningeiosha kwa mikono hii, na nisingeweza kukataa hata kama ningetaka. Sasa ukamficha mtu kama mimi? Ungenishika pembeni Kilole ukaniambia, Sadala, mtani wangu, hali ndiyo hii. Ningekutukana, na ningewapeleka. Honi nisingeipiga."

Kwa wiki nzima Yordani alifikiria nani amdanganye na vipi, na halikumjia hata mara moja wazo la nani amwambie ukweli. Alisema tu, "Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Mimi si mtu wako wa kuoneana aibu."

Grasiana alikuwa amevua glavu ya pili. Aliikunja pamoja na mwenzake, akampa mama yake. Halafu akauliza, bila kupandisha sauti, kama anayeuliza saa.

"Baba, nikipona nitarudi wapi?"

"Nyumbani," Yordani akasema.

"Nyumbani nimeolewa. Tena nimehamia Kilosa. Nikitokea Kilole miaka mitano baadaye, mama Swaumu atauliza mume yuko wapi. Utamjibu nini? Nimeachwa? Nimefiwa? Au nitakaa huku huku, ili usiulizwe?"

Hilaria akamgeukia mumewe. "Baba Grasi, mambo ya Kilosa uliyasema lini?"

Alieleza kwa shida. Aliwaambia wanaume wenzake wa Kilole, na Sadala pia, alipoona maswali hayaishi. Mwenye nyumba wao angewatoa siku hiyo hiyo. Kisimani wasingeteka maji na watu. Hata kanisani wangeachiwa benchi zima peke yao. Kama mtoto ameolewa mbali, hakuna wa kumtafuta, na wao wangeishi. Aliposema hivyo, wangeishi, akalisikia neno lake mwenyewe.

"Niliposikia harusi ni ya kupatia gari, nilikubali," Grasiana alisema. "Nililifurahia na gari lenyewe. Sikujua kwamba ndiyo mazishi."

Sadala alilirudisha paa mahali pake, akakaza vyuma. Wakaenda mpaka Handeni, wakapita sokoni bila honi. Njiani Hilaria aliutoa mkono wake, akaushika ule mkono usiokuwa na glavu, na akaendelea kuushika.

*

Kambi ilikuwa nyumba ndogo za udongo zilizopakwa chokaa, mistari miwili, na mahindi nyuma yake. Jua lilikuwa limetoka. Wagonjwa waliliona gari jekundu likiingia, wakatoka wote kulitazama, wengine kwa magongo, kwa kuwa gari la namna ile lilikuwa halijapata kufika. Walipomwona msichana mwenye gauni la harusi akiteremka, mmoja alianza kucheka kisha akaacha.

Muuguzi wao aliitwa Lukasi, kijana mwenye maneno machache. Aliushika mkono wa Grasiana kwa mkono wake mtupu, akaugeuza, akamgusa hapa na pale kwa unyoya wa kuku akimuuliza kama anasikia. Hilaria alikuwa akiangalia mikono ya Lukasi tu. Alitaka kupiga magoti, akajizuia. Lukasi alisema wamewahi. Vidole vile havitanyooka vyote, lakini ugonjwa wenyewe utakwisha; miaka minne, pengine mitano.

Alimwita mwanamke mmoja wa makamo, Mwanaidi, atakayekaa naye nyumba moja. Alieleza kwamba Mwanaidi amekwisha pona tangu mwaka juzi. Hilaria akauliza, basi anangoja nini. Lukasi alimtazama Mwanaidi, akamwachia ajibu mwenyewe.

"Nilirudi kwetu," Mwanaidi alisema. "Nikakuta wamekwisha nifanyia matanga. Waliwaambia watu nilikufa hospitali. Mama yangu alinitolea chakula nyuma ya nyumba, akaniomba niondoke kabla hakujapambazuka, watu wasije wakaona mzimu." Akamgeukia Grasiana, akamwangalia gauni. "Mimi kwetu nimekufa. Wewe wamesema umefanyaje?"

"Nimeolewa," Grasiana akajibu.

Waliosimama karibu wakacheka, na Mwanaidi pia, kicheko cha watu wanaojuana kabla ya kujuana. Mwanaidi akasema kuolewa ni afadhali, kuna pilau. Lakini kicheko hakikudumu. Hilaria alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, na kanga yake nzuri, analia kwa sauti kama wanavyolia kwenye msiba. Mwanaidi alimsogelea, akasita, hakujua kama mgeni atakubali kuguswa. Hilaria ndiye aliyemvuta mkono.

Yordani alikuwa bado amesimama karibu na gari. Alitoa ile noti ya shilingi kumi, akampelekea binti yake, akamwambia ni yake, Mzee Salimu alimpa. Grasiana hakuipokea.

"Hiyo ni ya bibi harusi, baba. Mrudishie."

"Nikimrudishia itabidi nimwambie kwa nini."

"Ndiyo."

Yordani akageuka kumtafuta Sadala, ambaye alikuwa anakagua magurudumu yasiyo na kasoro. "Mtani," akasema, "nikisema, kazi yako imekwisha."

Sadala alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. Jambo lenyewe halikuwa dogo, na watoto wanne ni watoto wanne.

"Imekwisha tangu Sindeni," alisema. "Wewe sema. Nitakuja kwako na wanangu wote tukae tule mpaka mahindi yako yaishe. Hilo ndilo deni lako kwangu, na huna pa kulikimbia."

Grasiana alikuwa amekwisha pewa blanketi na bakuli. Aliviweka chini. Alimwomba Lukasi awaite na wale waliobaki mlangoni mwa nyumba zao, nao wakasogea, wenye magongo wakishikiliwa na wenzao. Akamwambia baba yake kwamba hataki ahadi ya kuja kumtazama, wala ya gari, wala ya kumletea kitu. Leo amesikia maneno mengi ya baba yake yaliyosemwa pembeni, kwa mtu mmoja mmoja. Anataka aseme moja hapa, mbele ya watu hawa, na mbele ya Sadala, ambao kesho na keshokutwa wataweza kusema walilisikia.

Yordani alivua kofia. Alianza kwa sauti ndogo.

"Wa nyuma hawajasikia, baba," Grasiana alisema.

Mzee yule akafunga macho kwanza, kama anavyofanya kabla ya kusali, halafu akayafungua, akawatazama.

"Mimi Yordani wa Kilole," alisema, na safari hii hata wa nyuma kabisa walimsikia, "nasema mbele yenu na mbele ya Mungu. Kesho Jumapili, katekista akimaliza sala, kabla watu hawajatoka, nitasimama. Nitasema binti yangu Grasiana hajaolewa. Nitasema anaumwa ukoma, na niliwadanganya. Nitasema yuko Handeni, anatibiwa, na akipona atarudi nyumbani kwangu. Na wakitutoa katika nyumba hiyo, nitakwenda tena Jumapili nyingine, nisimame, niwaambie watu wote nyumba yangu mpya iko wapi, ili akitokea njiani akauliza, kila mtu ajue pa kumwelekeza."